Hodi za Mayasa Uswisi

Fundi Usi wa Malindi, mjini Unguja, alikuwa na baiskeli thelathini za kutengeneza na akili moja tu, nayo ilikuwa Uswisi. Mteja akileta baiskeli yenye tairi iliyotoboka, hurudishiwa ikiwa na breki mpya na tundu lile lile. Wenye hasira walizihamishia baiskeli zao kwa fundi mwingine, na Usi hata hakugundua.

Huko Uswisi alikuwepo Mayasa, binti wa marehemu kaka yake, msichana wa kijiji cha Matemwe wa miaka ishirini na miwili. Alikwenda kushindana mbio za baiskeli za milimani. Unguja haina mlima, na Usi alikumbushwa hilo kila siku na watu wasiojua hata kuziba pancha. Aliwajibu kwamba mlima hakuna lakini mawe yapo. Kwa miaka minne alimfunza Mayasa juu ya mawe makali ya Matemwe, katika vinjia vya vichakani vinavyoteremka pwani, na kila Jumamosi akampandisha na kumshusha kilima cha Masingini mpaka wenye mashamba wakauliza msichana yule kapoteza nini huko juu.

Shirika moja la Ulaya lilimlipia nauli akashindane mara mbili, Jumapili mbili zinazofuatana. Kushinda hakuna aliyekuota. Walichokitaka ami na binti ni kumaliza. Katika mbio hizi njia ni moja, huzungukwa mara tano, na anayeachwa mbali sana na wa mbele waamuzi humtoa njiani. Huyo jina lake huandikwa chini kabisa, bila muda. Na shirika lilishasema wazi: mgeni atakayemaliza hata mara moja ataitwa tena mwakani, na asiyemaliza basi.

Jumapili ya kwanza Mayasa alitolewa mzunguko wa tatu.

Alipopiga simu, Usi alimuuliza kama pumzi ilimwishia. Haikumwishia. Miguu je? Mizima. Mpando ulimshinda? Mpandoni aliwafikia wengi tu. Usi akazidi kuchanganyikiwa, akamtaka amwambie basi muda wake umepotelea wapi.

"Msituni, ami," Mayasa akasema kwa sauti ndogo. "Njia nyembamba na walokuwa mbele yangu wanajikokota. Nlipiga hodi mara tatu, hapana alonijibu."

"Ukafanyaje?"

"Nkabaki nyuma yao."

Usi alimjua baba wa kosa lile: ni yeye mwenyewe. Vinjia vya Matemwe ni vya watu. Akina mama hupita humo na magunia ya mwani kichwani, na siku ya mwanzo kabisa Mayasa alimsukumia Bi Mize kwenye miba, gunia huku na kanga kule. Usi aliona aibu isiyo na mfano. Tangu siku hiyo akaweka sheria: kabla hujampita mtu utapiga hodi na kungoja akukaribishe, na ukipiga mara tatu bila ya kujibiwa utabaki nyuma, kama unavyofanya mlangoni kwa watu. Akivunja sheria, baiskeli inafungiwa wiki nzima. Ilifungiwa mara mbili tu, kisha adabu ikamwingia mpaka mifupani. Sasa kule Uswisi wasichana wa watu walimpita wakimparuza viwiko, naye akawaambia pole.

Mkewe, Bi Nasima, alipohadithiwa alicheka hata akatafuta pa kukaa. Alisema, "Umemfunza mtoto adabu, mbio umesahau."

Wiki nzima Usi alikazana kwenye simu kumwambia Mayasa apite tu, wenzake wamezoea, hiyo ndiyo desturi ya mchezo. Mayasa akaitikia ndiyo ami, ndiyo ami. Usi aliijua ndiyo ile. Ilikuwa ya mtu ambaye akifika nyuma ya mgongo wa mwenzake atapiga hodi na kungoja. Mtu hafundishwi miaka minne halafu akafunduliwa kwa simu ya dakika kumi.

Jumamosi asubuhi alifunga karakana, akapanda Vespa yake mpaka Matemwe. Maji ya bahari yalikuwa yametoka na akina mama wako mbali kwenye mashamba yao ya mwani. Usi alikunja suruali, akawafuata, simu ameinyanyua juu isije ikarowa. Wa kwanza kumkuta alikuwa Bi Kidawa, mama yake Mayasa, aliyedhani kaletewa habari ya msiba. Usi akawaeleza wote. Walicheka mpaka kamba za mwani zikawatoka mikononi, lakini walilifahamu jambo lenyewe upesi kuliko yeye: mtoto alikuwa akingoja kujibiwa na wenye njia, na wenye njia ni wao.

Usi akaanza kurekodi ujumbe wa sauti, nao mmoja mmoja wakaisogelea simu. Mwingine alisema karibu mwanangu, mwingine pita kwa salama, Bi Kidawa alisoma dua kwanza. Mwisho akaja Bi Mize mwenyewe, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mayasa, mie ndo yule ulonsukumia mibani. Hodi zako zote za kesho nshazijibu. Usingoje mtu, pita."

Mayasa hakujibu ujumbe ule kwa maneno. Alituma sauti ya kicheko kirefu kilichochanganyika na kilio, na Usi aliisikiliza mara nne njiani kurudi mjini.

Jumapili, baada ya sala ya Alasiri, baraza ya karakana ilijaa. Picha za mbio ziliwafuata wa mbele tu, kwa hiyo Usi aliangalia orodha ya majina inayobadilika kwenye simu. Mzunguko wa kwanza Mayasa alikuwa wa sitini na mbili. Wa pili, hamsini na tano. Wa tatu, ule uliomtoa wiki iliyopita, Usi alishindwa kutazama akampa simu Nasima. Nasima akasoma: hamsini. Wa nne, arobaini na nne. Kisha orodha ikaganda, na kwa dakika ishirini watu waliokuwa wakimcheka fundi asiye na mlima walibaki wakitazamana.

Orodha ilipofunguka, Mayasa alikuwa wa thelathini na tisa, na mbele ya jina lake pameandikwa saa moja, dakika thelathini na nne. Muda wake mwenyewe. Usi akakaa juu ya tairi na kulia kwa furaha mbele ya wateja wake.

Simu ikaita. Kwanza zilisikika pumzi tu na kelele za watu.

"Shikamoo ami. Nimemaliza."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona." Alijifuta uso. "Nyuma yako wako wangapi?"

Mayasa akamwambia angoje. Usi akaielekezea simu barazani ili wote wasikie. Kutoka Uswisi ilikuja sauti yake, mbali kidogo na simu, akihesabu: wa kumi, wa kumi na moja, yule wa kijani wa kumi na mbili.

"Subiri, ami," akasema. "Bado wanakuja."