Maoni ya Mtazamaji Aliyegeuza Mgongo

Kila Jumapili baada ya misa, nusu ya kijiji kile cha jirani na Butiama ilikuwa ya mafundi. Ungewauliza wenyewe wangekuambia hivyo. Walijazana dukani kwa Gasper kutazama mashindano ya Mkono wa Fundi kwenye televisheni, na mtu ambaye choo chake mwenyewe kimeinama kama kinachungulia kwa jirani hakukosa la kusema juu ya vigae vya wenzake. Mwalimu Prosper, ambaye paa lake lilivuja mpaka alikuwa anajua kila beseni lake linakaa wapi, ndiye aliyekuwa mkali kuliko majaji.

"Huyo anashikaga mwiko kama kijiko cha uji," angesema, na watu wakamwitikia.

Mtazamaji mmoja tu hakuwa akitazama. Ghati alikaa juu ya kreti ya soda, ameipa televisheni mgongo, macho yake kwenye rafu ya sabuni. Haikuwa kiburi. Mmoja wa mafundi wawili waliofika fainali alikuwa Mugeta wa Bunda, mume wa binti yake Adventina, na kwa watu wa kwao Ghati mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, hasemi naye ana kwa ana, wala hali naye. Kwa miaka sita ya ndoa ile, alichokiona Ghati cha Mugeta mwenyewe kilikuwa kisogo na viatu.

Wiki ya kwanza Gasper alijaribu kumshawishi ageuke. "Mama Adventina, ile ni picha tu. Mbona ya harusi unayo ukutani?"

"Ya harusi haigeuki kuniangalia," Ghati alimjibu, na mjadala ukafungwa.

Kwa hiyo alisikiliza. Dorah, muuza maandazi aliyekuwa rafiki yake tangu usichana, alikaa pembeni akimsimulia kila kitu, pamoja na mengine ambayo hayakutokea. Na Ghati hakukosa Jumapili hata moja, maana mshindi alikuwa anajengewa nyumba kuanzia msingi mpaka bati. Adventina alikuwa amepanga chumba kimoja kule Bunda, yeye na mume na watoto watatu, na mvua ikinyesha wote walihamia juu ya kitanda. Ghati aliitaka nyumba ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa ameshaisalia novena mbili, sala za siku tisa tisa, na alikuwa katikati ya ya tatu.

Siku ya fainali mashindano yalirushwa mubashara. Kazi ilikuwa moja: kila fundi apige plasta ukuta wake wa tofali za kuchoma ndani ya saa moja. Kengele ikalia, duka likanyamaza.

"Ameanza," Dorah alinong'ona. "Anarusha simenti. Ana kasi mkweo, mama."

Ghati akainamisha kichwa. Zamani, kabla watu hawajazoea simenti, nyumba za pale zilikandikwa na wanawake, na nyingi zilikandikwa na yeye. Alijua sauti ya udongo unaoshika na sauti ya udongo unaojidanganya. Sasa alikuwa anasikia mwiko ukirusha, halafu mchakacho mdogo wa mchanga unaodondoka chini.

"Hajamwagia ukuta maji," alisema.

"Nani?"

"Huyo. Ukuta una kiu. Utanyonya maji yote ya simenti, kesho plasta inabanduka."

Mwalimu Prosper akacheka. "Mama Adventina anaonaga kwa kisogo."

"Cheka tu. Muulize Dorah kama chini hakuna mchanga."

Dorah akachungulia. Chini kulikuwa na mchanga, kichuguu kizima.

Sasa Gasper, mtu wa kupenda kusaidia kabla hajaombwa, akapiga ile namba ya maoni ya watazamaji. Wiki zote alikuwa akiipiga bila kupokelewa. Siku hiyo ikapokelewa, naye akamtia Ghati simu mkononi. "Sema mama. Sema haraka."

Ghati alikuwa amekasirika, na hasira haikumpa nafasi ya kufikiri. Kitu kimoja tu alikumbuka, kwamba mkwe haambiwi moja kwa moja. Anapelekewa ujumbe na mtu wa tatu. Mtu wa tatu si huyu mtangazaji?

"Baba, mwambie huyo fundi wako wa tofali kavu amwagie ukuta maji. Mwambie nyumba haipigwagi plasta kwa mbio. Na mwambie…"

Hakujua kwamba sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika zote za ukumbi wa mashindano. Mugeta aliijua sauti ile. Kwa miaka sita alikuwa ameisikia kupitia uzio na kupitia mlango uliorudishwa. Alidondosha mwiko, akazunguka nyuma ya ukuta wake, akachuchumaa.

"Fundi amekwenda wapi?" mtangazaji aliuliza huku akicheka. "Mama, endelea, tunakusikia vizuri. Unaitwa nani? Unatokea wapi?"

Na Ghati, aliyelelewa kujibu anapoulizwa, alijibu. Alieleza ukoo, kijiji, na parokia. Alikuwa amefika kwenye habari za udongo wa kichuguu Dorah alipomshika bega.

"Mama, nyamaza. Mkwe wako amejificha. Hatoki mpaka unyamaze."

Ghati aliitupa simu kwenye gunia la maharage.

Mugeta alitoka, akachukua ndoo, akamwagia ukuta maji mpaka ukashiba, akaanza upya. Duka zima lilikuwa limesimama. Kengele ililia ikiwa imebaki kona moja ya juu, isiyozidi ukubwa wa meza. Nyumba ilikwenda kwa mpinzani wake, fundi wa Kahama. Mugeta akapewa toroli.

Watazamaji walikuwa na maoni, bila shaka. Mwalimu Prosper alisema heshima ina siku zake na mashindano yana yake. Wengine walisema kijana kama yule hapatikani tena. Ghati hakusikia lolote. Alitembea mpaka nyumbani, akaketi jikoni, akalia. Nyumba ya mwanawe ameibomoa kwa mdomo wake.

Jumamosi iliyofuata alisikia gurudumu nje ya uzio wa minyaa, kisha mtu akakohoa. Ghati akajitanda kanga, akageukia moto.

"Toroli," sauti ya Mugeta ilisema, "mwambie mama ule ukuta wangu umeshika. Majaji wamegonga kila mahali, hakuna kinachobanduka."

Ghati alitafuta wa kumjibia, hakumwona. "Sufuria," alisema, "mwambie pole. Mwambie ni mimi niliyempotezea nyumba."

"Toroli, mwambie nyumba haijapotea. Nina kiwanja Bunda, kuta nimeshapandisha kwa tofali zangu, bati nitatafuta pole pole. Chumba kimoja nimekiezeka. Plasta ya nje nitapiga mimi. Ya ndani namwomba yeye."

Ghati aliushika mwiko wa uji asikoroge. Nyumba ya mkwe mama mkwe haingii. Lakini nyumba ambamo bado hajalala mtu ni nyumba ya nani? Aliitafakari mpaka uji ukaungua.

"Sufuria, mwambie nakuja Jumatatu."

Walifanya kazi siku nne, yeye ndani, Mugeta nje, ukuta katikati yao. Hawakuonana. Ghati alikuwa akisikia mwiko wake upande wa pili, na ulipotulia alijua anamngoja amfikie, naye akaongeza mwendo. Siku ya nne chumba kiliisha. Adventina alimwita aje kunawa, akaitikia lakini hakutoka. Wakishahamia hatakanyaga humu tena maisha yake yote, na hilo lilimuuma, wala hakulificha. Aliweka viganja ukutani, ungali baridi, akaupapasa kona moja baada ya nyingine, mahali ambapo wajukuu wake wangelala.