Mkubwa Lazima Afike Mahakamani

Suyun alifika mahakamani mlango haujafunguliwa, akasimama kwenye baridi na koti la marehemu mumewe. Tingatinga za wilaya zilikuwa zimeng'oa miti yake yote ya matunda, mipea, kupisha kiwanda. Alichotaka ni ardhi yake irudi kabla zege halijamwagwa.

Binti yake Lirong, msomi wa sheria aliyeajiriwa na idara ya ardhi ya wilaya hiyo hiyo, ndiye aliyemsomea sheria mpya kwenye simu: raia akiishtaki serikali, mkubwa wa idara lazima aje aketi mbele yake.

"Hata Mkurugenzi Kou?"

"Hata yeye, Mama. Chama kimebadilika siku hizi."

Majirani walimcheka. "Kesi ya nyani unampelekea ngedere, dada?" Yeye akaenda na maji yake ya moto kwenye chupa, na kiburi kidogo. Mwanawe si alikuwa amesoma?

Mkubwa hakuja. Hakimu alisema, bila kuinua macho, kwamba Mkurugenzi yuko kwenye kikao cha Chama, na sheria inamruhusu kumtuma mfanyakazi wake. Kipande hicho Lirong hakukisoma kwenye simu.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia Lirong na faili kifuani.

Uchungu aliousikia Suyun ulizidi ule wa siku aliyomzaa.

"Mama, walitaka nikuzuie," Lirong alinong'ona akipita. "Nilipokataa, wakasema basi nije mimi. Au nirudi kijijini."

"Kijijini wapi? Si mmepang'oa?"

"Kimya," hakimu akasema. "Mdai, unamfahamu mwakilishi wa idara? Kama mna undugu, kesi itaahirishwa hadi apatikane mwingine."

Magari ya zege yalikuwa yameshapanga foleni shambani tangu jana. Suyun alimtazama yule msichana aliyekulia chini ya mipea ile, sare yake, nywele alizozibana vizuri. Hasira na huruma vilimjia pamoja.

"Simfahamu."

Lirong akafungua faili. Akasoma kwamba eneo linalodaiwa lilikuwa ardhi tupu, halijawahi kupandwa mti wa aina yoyote, wala kulimwa na mtu. Alisoma bila kukwama hata mara moja.

Hakimu akaandika, kisha akamgeukia Suyun.

"Mdai, una shahidi yeyote aliyewahi kuiona hiyo mipea?"