Kijiji Kilichofagiliwa Mapema

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili asije mtu akamtupia Jovin au mwenyekiti wa kitongoji. Mimi ndiye niliyepuliza filimbi.

Upepo ulitupiga Jumapili baada ya misa, ukiwa na mvua ya mawe ndani yake. Haukuzidi nusu saa. Ulipopita, migomba ilikuwa imekatika viunoni, mabati yamenasa kwenye mibuni, na kaya sitini na tatu ama hazikuwa na paa ama zilibaki na nusu yake. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Mimi ni mtendaji wa kijiji hiki, huku Nyakatuntu, mwaka wa nne sasa. Jina langu Kemirembe, kwetu ni Muleba, na watu wa hapa hunikumbusha hivyo kila ninapokosea.

Jumatatu asubuhi alinipigia simu Gaudiosus, afisa anayeongoza kikosi cha tathmini ya maafa. Akasema watafika Alhamisi, niandae orodha ya walioathirika. Watakaothibitishwa watapata mabati na chakula. Mabati sikuyawazia sana. Chakula ndicho kilichoninyima usingizi. Mgomba ukianguka leo, chipukizi lake litakulisha mwakani. Hapo katikati kaya sitini na tatu zitakula nini?

Orodha niliiandika vizuri, jina kwa jina. Kisha nikafanya lile ambalo mtendaji yeyote wa huku angelifanya akisikia gari la wakubwa linakuja: nikapuliza filimbi ya kuita mkutano, nikawaambia watu wasafishe kijiji.

Usinicheke. Huku kwetu mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Ukipita mwenge tunafyeka barabara, akija mkubwa yeyote tunapaka chokaa hata mawe. Jovin, afisa kilimo wetu, naye akaongeza la kwake: mgomba ulioanguka ukiachwa unafuga fukusi, wadudu wanaotoboa migomba, kwa hiyo katakateni, tandazeni shambani, visiki vifukieni kwa udongo. Ndivyo idara yake inavyofundisha, na ni kweli tupu. Watu ambao kwa miaka miwili walikuwa wakisinzia kwenye semina zake, safari hii wakamtii kwa pamoja. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bibi Xaveria. Ni mjane wa miaka sabini na kitu, na nyumba yake ni ya tofali mbichi. Paa lake lote liliruka likaenda kukunjikia kwenye kibanja cha jirani, shamba lake la migomba. Kibanja chake mwenyewe kinajulikana hadi kata ya pili. Hujawahi kuona jani kavu likining'inia kwenye mgomba wa Bibi Xaveria. Majirani walimletea walichokuwa nacho: bati tatu za Byarugaba, mwenyekiti wa kitongoji, nne za jiko la kanisa, nyingine za huyu na yule, na moja langu nililoling'oa kwenye banda la kuku. Jumatano jioni alikuwa na paa tena, la viraka na kutu, lakini halivuji. Nilijisikia vizuri mno. Nilijiona ndiye mtendaji.

Alhamisi gari lilipanda kilima saa nne. Gaudiosus alishuka, akasalimia wazee shikamoo kwa zamu kama mtu aliyelelewa, kisha akasimama kwenye uwanja wa Bibi Xaveria akageuka pande zote.

"Mtendaji," aliniambia, "maafa yako wapi?"

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha fomu kwenye kishikwambi chake: uharibifu ulioonekana kwa macho, na chini yake nafasi ya picha.

"Nyumba ina paa," alisema. "Shamba ni safi kuliko la chuo cha kilimo. Mimi nasaini nini hapa?"

"Lakini lilianguka! Waulize watu wote hawa."

"Dada Kemirembe, mimi nakuamini. Lakini wahakiki wanakuja nyuma yangu, na hao hawatakuuliza wewe, wataangalia picha. Na kama nyumba ya kwanza kwenye orodha iko hivi, hizi sitini na mbili nyingine watazisadiki?"

Nilimtazama Jovin, naye akatazama majani aliyoyatandaza vizuri namna ile. Idara moja imetuambia tusafishe, na nyingine inatuuliza uchafu uko wapi. Katikati yake nimesimama mimi na filimbi yangu shingoni. Nilitamani niitupe chooni.

Byarugaba ndiye aliyeondoka, akarudi na ngazi. Akaiegemeza ukutani.

"Bibi, naomba bati zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Kumdai mtu kitu ulichomsaidia, tena mbele ya wageni, huku ni aibu ambayo watoto wako watatukanwa nayo. Bibi Xaveria alimwangalia, akaangalia lile gari, akaelewa kabla yangu. Alikwenda akaishika ngazi mwenyewe isiteleze.

"Panda, mwanangu," alimwambia. "Chukua."

Wakapanda na wengine. Mmoja mmoja waliziteremsha bati zao, na bati langu la kuku nikapewa mkononi. Nyumba ikabaki wazi kama ilivyokuwa Jumapili. Gaudiosus alipiga picha nne, akaandika, akasaini, tukaenda kwenye nyumba zilizofuata kufanya vilevile pale ilipobidi. Kabla ya kuondoka alinivuta pembeni.

"Ziacheni hivyo hivyo mpaka Jumatatu, hasa ya Bibi. Wahakiki wataanza nayo, ndiyo ya kwanza."

"Hata turubai tusiweke?"

"Hata turubai. Picha yao lazima ifanane na yangu. Nisamehe, dada."

Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya.

Bibi Xaveria alihamia kwa Byarugaba na godoro lake. Ijumaa nzima nilikuwa nikitazama mbingu kuliko nilivyotazama kazi zangu. Jua liliwaka. Jumamosi nayo ilianza na jua, kisha saa nane mawingu yakaja kutoka upande wa Karagwe, meusi, yakienda polepole kama wasio na haraka ya kutumaliza.

Nilikimbia. Nilipofika, watu walikuwa wameshakusanyika, kila mmoja na bati lake kichwani. Byarugaba alikuwa na misumari mdomoni, mguu mmoja kwenye ngazi. Bibi Xaveria alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa, mikono mapajani.

"Mtendaji, sema," Byarugaba alitema misumari kiganjani. "Tufunike au tuache?"

Wote walinigeukia. Nikifunika: wahakiki watakuta paa, wataona tunawachezea, na kaya sitini na tatu zitakula majani ya Jovin mpaka mwakani. Nikiacha: ni nyumba moja tu ya tofali mbichi, za wengine zitalowa na kukauka, na huenda mvua ikapita pembeni, mara ngapi imepita pembeni? Nilimtazama Bibi Xaveria nikitaka aseme yeye. Nasema kweli, nilitaka mzigo ule niutue kichwani mwake.

Alikuwa akinisubiri na yeye.

"Tuache," nilisema. "Itapita."

Haikupita. Ilinyesha saa mbili mfululizo, na sisi tumejibana chini ya bati zilezile, tumezishika juu ya vichwa vyetu, tukiitazama nyumba ikinywa maji. Tofali mbichi halipigi kelele. Ukuta wa nyuma ulikaa chini kwa kishindo kidogo, kama gunia la maharage likitua sakafuni, na wa pembeni ukaufuata. Bibi Xaveria alifanya ishara ya msalaba. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona.

Jumapili nilimwambia kitu kimoja tu: "Bibi, kesho usiguse kitu. Usifagie." Akaitikia.

Jumatatu nilipofika na wahakiki, Gaudiosus akiwa nao, uwanja ulikuwa umefagiliwa, michirizi ya fagio imenyooka toka njiani hadi kwenye rundo la udongo. Yeye amesimama hapo na fagio lake.

"Wageni wangepita wapi, mwanangu?" alininong'oneza.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye buti za mpira. Aliangalia picha ya Gaudiosus, akaangalia mbele yake, akarudia tena. Picha hazifanani.

"Hapa Alhamisi kuta zilikuwa zimesimama," alisema. "Imekuwaje?"

Gaudiosus aliinamisha kichwa. Bibi Xaveria aliegemeza fagio kwenye mbuni.

"Zimeanguka Jumamosi, waitu," alisema kwa upole, akimwita kwa neno la heshima la huku. "Tulikuwa tunawasubiri ninyi."

Yule mama alivua kofia, akamwamkia Bibi Xaveria shikamoo, akapiga picha zake. Aliandika "nyumba imebomoka yote," akatuambia twende kwenye nyumba inayofuata. Kufikia saa kumi orodha yote ilikuwa imepita, majina sitini na matatu, hakuna aliyekatwa. Watu walinishika mkono. Jovin alinikumbatia. Byarugaba akasema ingawa mimi ni mtu wa Muleba, sasa ni mtu wao.

Nilirudi kwa Bibi Xaveria kumpa habari. Nilimkuta anaokota vipande vya tofali, anavipanga pembeni, vizima huku na vilivyovunjika kule. Nikamwambia mabati yatakuja.

"Mungu awabariki," alisema. Aliyatazama mawingu, akatazama pale kuta zilipokuwa. "Lile bati lako, mwanangu, umeshalirudisha?"

"Bado, Bibi. Nililiweka kwa ajili yako."

"Lirudishe bandani," aliniambia. "Kuku wasilowe bure."