Harusi Kwenye Buti ya Basi

Kosa langu lilikuwa mdomo. Siyo mikono. Mikono yangu haijawahi kuiba hata kijiko, na anayebisha aje Roma tuonane ana kwa ana. Mimi ni Nevio Tassinari, dereva wa basi la wageni, mwaka wa ishirini na sita huu, na kila nilichopakia kwenye buti ya basi lile nilipewa kwa mkono na kwa tabasamu.

Tuanze na mkwe. Binti yangu wa pekee, Loredana, alichumbiwa na mtoto wa Bwana Aurelio Santacroce, mwanasheria wa mihuri, wale ambao huku kwetu bila sahihi yao huwezi kununua hata banda la kuku. Siku ya kutambulishana alinitazama viatu kwanza, uso baadaye, kisha akasema, "Bwana Nevio, chakula cha harusi niachie mimi. Usijisumbue." Sauti yenyewe ile ya kumpa pole mgonjwa. Mtu mwenye akili angeshukuru akanyamaza. Lakini sisi ukitugusa heshima mbele za watu, akili tunaiacha mlangoni. Nikajisikia nasema, "Akuu! Kwetu baba wa bibi harusi ndiye anayelisha. Wageni themanini, kuanzia jibini mpaka keki. Na bibi harusi namvisha mimi, kuanzia kichwani mpaka kidole cha mguu!" Mke wangu alinikanyaga chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Harusi ilikuwa baada ya wiki sita, na mfukoni nilikuwa na leseni ya udereva na pakiti ya sigara.

Mungu akanipa Wamarekani. Bi. Fosca, mwenye ofisi ya utalii inayoniajiri, aliletewa wanafunzi ishirini na watatu wa chuo kimoja cha huko, waliokuja kwa siku kumi kujifunza biashara ya Kiitaliano. Milano, Como, Parma, Siena, Firenze, Roma, kila mji na kampuni yake, na safari inaisha Ijumaa, siku mbili kabla ya harusi. Kwenye karatasi anayechagua kampuni ni Bi. Fosca. Kwa kweli anachagua dereva, maana ndiye anayejua barabara ipi "imefungwa". Na dereva aliyeleta basi zima haondoki mikono mitupu. Desturi hiyo nimeikuta. Kawaida ni chupa moja, au kipande cha jibini kwenye karatasi. Safari hii nilipiga simu mapema, kampuni moja baada ya nyingine, nikanong'ona: "Hawa si wanafunzi hivi hivi. Baba zao wana maduka makubwa, Marekani nzima." Hapo nilitia chumvi. Ila mmoja kweli baba yake alikuwa na duka la matairi.

Basi tukaondoka. Ungewaona! Wanakunywa kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana, jambo ambalo kwetu hata mgonjwa halifanyi. Wanapiga picha mifuniko ya mitaro. Profesa wao, Whitcomb, alijifunga skafu tangu uwanja wa ndege, na kila akionyeshwa ukuta mkuukuu anasema "Ajabu!" Na wenye kampuni nao, sijui walisoma shule moja? Kila tunapoingia ni video ileile: babu, kilima, ngano inayumba, hata kama wanauza vitasa vya milango. Kisha tajiri anaweka mkono kifuani: "Siri yetu ni familia." Familia yenyewe, kaka na kaka wanashtakiana mahakamani mwaka wa saba, kila dereva anajua. Watoto wa watu wanainama wanaandika: siri ni familia.

Isipokuwa mmoja. Marlys Odegaard, msichana mrefu kutoka Minnesota, Kiitaliano chake cha kuokoteza lakini hakikwami. Huyu alikuwa anaangalia buti.

Como, kwenye kiwanda cha hariri, alinikuta naingiza furushi la kitambaa cheupe.

"Bwana Nevio, hilo nalo la nani?"

"La shangazi yangu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Parma wakanipa jibini moja zima, duara la kilo arobaini, na mapaja sita ya nguruwe yaliyokaushwa. Nilikuwa nahema peke yangu, akaja akashika upande wa pili bila kuombwa. Masanduku ya wanafunzi tuliyahamishia ndani, kwenye viti vya nyuma, maana paja linataka hewa. Basi likanuka kama bucha. Profesa akavuta pumzi ndefu akasema hiyo ndiyo harufu ya historia.

"Shangazi yako anakula sana," Marlys akasema.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza kwa miaka ishirini na sita: "Unafanyaje?"

Jamani, mimi ni binadamu. Tulikuwa tumesimama kwenye kituo cha mafuta, nimeshika kahawa yangu, jua zuri. Nikamweleza yote. Harusi, Bwana Aurelio, simu nazopiga, maneno nayosema. Nikamweleza hata siri ya ufundi, ambayo sijamwambia mke wangu: nikifika kampuni mpya, buti naiacha wazi makusudi. Mwenye mvinyo akiliona lile jibini la Parma, ataona haya kutoa chupa mbili. Mwenye viatu akiona katoni za mvinyo, yeye atatoa nini?

"Kwa hiyo wanashindana wao kwa wao," akasema, anaandika.

"Umeelewa kuliko profesa wako," nikamwambia, nimevimba kichwa kama mkate kwenye oveni.

Na mambo yalikwenda hivyo hivyo. Karibu na Siena, katoni kumi za mvinyo. Nje ya Firenze, kwenye kiwanda cha viatu, tajiri alichungulia buti, akakuna shingo, akarudi ndani, akatoka na jozi moja ya viatu vyeupe vya ngozi laini, kisigino chembamba, kazi ya mkono. Macho yakanilowa palepale. Marlys akavigeuza.

"Binti yako anavaa saizi gani?"

"Thelathini na nane."

"Hivi ni thelathini na saba. Sampuli zote hushonwa saizi hiyo, wametuambia sasa hivi ndani."

"Ngozi nzuri inatanuka, binti. Hilo hawakuwaambia."

Jumatano tulipofika Roma nilimwachia mke wangu buti nzima, na kitambaa kikakimbizwa kwa fundi siku hiyohiyo. Ijumaa tukawa kwenye ukumbi wa hoteli hapa Roma, kila mwanafunzi anaeleza alichojifunza. Bi. Fosca kakaa mstari wa mbele. Mimi nimesimama mlangoni karibu na birika la kahawa, roho yangu kwatu. Ishirini na wawili wakasimama, ishirini na wawili wakasema siri ni familia. Kisha akasimama Marlys. Ukutani ikatokea picha ya basi langu, limechorwa vizuri, na mishale inaingia tumboni mwake kutoka kila mji.

"Biashara bora niliyoiona Italia," akasema. "Haina video. Haina babu. Ina buti."

Nikajibanza nyuma ya birika. Yule mtoto hakuacha kitu: simu, mlango wa buti ulio wazi, jibini, mapaja, hariri. Hata neno langu la mkate... hapana, hilo lilikuwa la moyoni, lakini mengine yote yalikuwepo. Na alisema kwa heshima, hilo ndilo lililoniua, kama mtu anayemsifu mwalimu wake. Profesa Whitcomb akaruka akapiga makofi: "Ajabu!"

Bi. Fosca hakupiga makofi. Alinivuta hadi koridoni.

"Nevio."

"Naam, Bi. Fosca."

"Miaka kumi na tisa nakupa basi. Kila Krismasi unaniletea chupa moja ya mafuta ya zeituni, unanibusu mashavu mawili, unaenda zako."

"Mafuta mazuri lakini..."

"Jibini zima, Nevio! Duara zima!" Nilidhani atalia. "Sasa nisikilize. Profesa anataka ziara moja ya nyongeza. Jumapili. Harusini kwako. Ukikataa, naanza kupigia kampuni simu mimi mwenyewe, niwaulize hayo maduka makubwa yako wapi."

"Waje wote?"

"Wote ishirini na watatu, na profesa, na mimi. Na mimi nakaa meza ya mbele."

Chakula hakikunitia hofu. Mapaja sita ni mapaja sita. Hofu yangu ilikuwa Bwana Aurelio. Akijua, nimekwisha, nami nitakuwa mkwe wa kuombaomba mpaka naingia kaburini. Jumapili asubuhi nikawakusanya wale watoto ndani ya basi, nikasimama kwenye ngazi. "Kula ruksa. Picha ruksa. Hotuba ng'o! Tumeelewana?" Wakaitikia wote. Sikukumbuka kukataza maswali.

Harusi ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Loredana alipoingia kanisani na gauni lile la hariri nililia waziwazi, sioni haya. Alikuwa anatembea kwa hatua ndogondogo, pole pole, amenishika mkono kwa nguvu. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana haya kama mama yake. Mezani Bwana Aurelio akakata paja, akatafuna, akatafuta kasoro, akakosa. Akaonja mvinyo, akakosa. Akanitazama, na safari hii alianza na uso.

"Bwana Nevio," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "nilikudharau. Nisamehe."

Laiti angeishia hapo! Lakini mtu akiona raha anataka hadhira. Akaigeukia meza ya wageni wangu. "Na ninyi vijana, mmejifunza nini hapa Italia?"

"Familia!" wakaitikia kwa pamoja, watu wakapiga makofi na vigelegele.

"Na wewe mrefu, mbona umenyamaza?"

Marlys akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akanywa maji, nikaona kabisa anajitahidi. Maskini, hajui kudanganya. Hilo siku kumi hazitoshi kulijifunza.

"Mimi nimejifunza harusi hii," akasema.

"Kivipi?"

Akaeleza kivipi. Jibini la Parma, mvinyo wa Siena, gauni la Como, viatu vya Firenze. "Hakununua hata kitu kimoja," akamalizia, macho yanang'aa. "Bwana Nevio ni fundi."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana Aurelio akakunja kitambaa chake cha mezani, akazunguka meza, akanishika mkono juu ya kiwiko, akanipeleka nyuma ya nguzo. Nikajiandaa kutukanwa.

"Hata mvinyo?"

"Hata mvinyo."

"Na mapaja yote?"

"Yote sita."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mtoto wa kwanza akizaliwa," akanong'ona, "nataka ubatizo mkubwa. Basi lako linapita tena Como mwezi gani?"

Wee! Nilicheka mpaka nikavunjika mbavu. Wiki zote zile najikondesha kwa ajili ya mtu kama huyu! Nikamkumbatia, akanikumbatia, nikageuka kurudi mezani mwepesi kama kijana. Loredana alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Baba," akasema. "Hata viatu?"

"Hata viatu, mama. Kazi ya mkono, unaona lakini..."

Akavuta kiti cha karibu, akakaa, akapandisha gauni, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Vidole vilikuwa vimebanana, vyekundu, na kisigino kimechunika.

"Vinaniua tangu asubuhi," akasema. "Nikajua umejinyima ukaninunulia. Nikanyamaza."

Akaviweka mikononi mwangu, akaenda kucheza peku. Muziki ulikuwa umeshaanza. Nilisimama palepale kwenye nguzo nimevishika, ndani bado vina joto la miguu yake, na doa dogo la damu.