Bango Lililozuia Meza ya Bwana

Mama mwenzangu, kama una mtoto mtu mzima aliyeachwa na mke, usimwache akae peke yake Jumapili. Nenda ukae naye hata kama hataki maongezi. Usipokwenda wewe atakwenda mwingine, na huyo mwingine hatakwenda mikono mitupu, wala hatarudi mikono mitupu. Nayasema haya kwa sababu yamenikuta.

Mimi ni Odessa Tarrant, wa huku Alabama. Kwenye kaunti yetu watu weusi tuna makanisa yetu na Wazungu wana yao. Siku za kazi tunachanganyika dukani na kiwandani, Jumapili asubuhi kila mtu anashika njia yake. Hakuna aliyeamuru. Ndivyo tulivyokuta.

Tangu kisukari kinichukue mguu sijaweza kwenda kanisani kwetu Shilo. Kwa hiyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Shilo ilikuwa inakuja kwangu. Shemasi Rufus Tolbert alikuja na kikasha chenye mkate na vikombe vidogo vya juisi ya zabibu, na Dada Earline alikuja naye. Earline ni rafiki yangu tangu tukiwa watoto tunasukana nywele. Alikuwa anaanza wimbo akiwa bado hajafunga mlango wa gari, nami nauitikia nikiwa kwenye kiti changu cha magurudumu. Mwezi mzima mimi nilikuwa nasubiri sauti ile.

Mwanangu Lavelle nakaa naye. Mkewe alipoondoka, kabla hajahamia kwangu, alikaa peke yake, na watu wa Shilo walinong'ona. Eti alikuwa mlevi, eti alimpiga. Hakuna aliyegonga mlango kumuuliza. Aliyegonga alikuwa Mzungu, Coy Haskins, mpokea wageni wa lile kanisa kubwa la barabara kuu. Alikuja na bakuli la kuku na wali, akamtafutia mwanangu kazi kwenye ghala la mbao. Jumapili iliyofuata Lavelle akaenda kusali kwao. Nilimshukuru Mungu. Mtoto wangu alikuwa ameanza kunyoa ndevu tena.

Sasa huyo Coy ndiye aliyekuwa msimamizi wa jela ya kaunti. Na kwenye jela ile, majira ya kuchipua, alifia Dewan, mjukuu wa Earline. Walimkamata kwa taa ya nyuma ya gari iliyoungua. Dawa yake ya pumu ya kuvuta ilibaki garini. Wenzake wa selo wanasema aliiomba mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kabla majani hayajaanza kupukutika, Coy akagombea ukuu wa polisi wa kaunti. Siku moja nikachungulia dirishani, nikaona bango lenye jina lake limesimikwa kwenye majani mbele ya nyumba yangu.

"Lavelle, hilo nini?"

"Bango, Mama."

"Naliona ni bango. Nimekatwa mguu, sikupofuka. Linafanya nini hapa?"

"Ndugu Coy ni mtu mwema. Nilipokuwa nalala na njaa alikuja. Shemasi wako alikuja?"

Nilikigeuza kiti changu, nikarudi kutazama dirishani.

"Alikuja, Mama?"

"Hakuja."

"Haya."

"Na Dewan je?"

"Ndugu Coy hakuwa kwenye zamu siku ile."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe."

"Hata paka ukimuuliza nani kanywa maziwa, hatajitaja."

Alicheka kidogo, lakini bango likabaki.

Jumapili ya kwanza gari la Shemasi lilifika. Nilitega sikio, sikusikia wimbo. Shemasi alipanda ngazi peke yake, kikasha mkononi, kofia kwapani.

"Bwana asifiwe, Dada Odessa."

"Asifiwe. Earline yuko wapi?"

"Yumo garini."

"Anaumwa?"

"Dada, usiniulize unachokiona."

Nilisogeza pazia. Kofia nyeupe ya Earline ilikuwa imegeukia upande wa shamba la soya, kama vile nyumba yangu haikuwepo. Shemasi alikwishafungua kikasha na kupanga vikombe.

Nikamwambia, "Funga, Shemasi. Neno linasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana jambo juu yako, uache sadaka, ukapatane naye kwanza."

"Utakwendaje kupatana, Dada, na mguu huna?"

"Basi yeye aje."

"Hawezi kupita penye bango lile. Ndugu yangu, pale ni kama kumruka mjukuu wake amelala chini. Nikitoka niling'oe?"

"Ni la mwanangu. Usiliguse."

"Nyumba ni ya nani?"

"Yangu. Na mtoto ni wangu."

Akafunga kikasha taratibu, akaondoka. Mkate ule sikuula.

Lavelle aliporudi nilimwambia, "Unasema wanakupenda. Basi Jumatano kwenye maombi, waombe wamwombee Earline, na wamtaje Dewan kwa jina. Wakimtaja, mimi mwenyewe nitampigia simu Earline nimweleze."

Alikwenda. Alirudi mapema, akavua koti bila kuniangalia.

"Wameomba?"

"Mchungaji Kyle kasema tuwaombee askari wote na familia zote."

"Na jina?"

"Kasema kanisani kwetu hatuleti siasa." Akaketi. "Halafu mama mmoja kanishika bega, kaniambia, 'Lavelle, ndiyo maana tunakupenda, wewe siyo kama wale wengine.'"

"Wengine wapi?"

"Wewe, Mama. Nadhani alimaanisha wewe."

Jumapili iliyofuata, kanisa hilohilo lisiloleta siasa lilimpandisha Coy jukwaani awekewe mikono. Wakamwita Lavelle naye apande. Wakamsimamisha mbele, pale kamera inayorusha ibada inapomwona.

"Ukamwekea mkono?" nilimuuliza.

"Nilimwekea. Watu wote walikuwa wananitazama."

Hakurudi tena kule. Shilo nako hakwenda. Nikamwambia basi ling'oe bango, na yeye akatikisa kichwa. "Nikiling'oa, wale wa Coy watasema nimewasaliti na hawa wa Shilo watasema nimeaibika. Acha likae."

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata hakuna gari lililofika. Nilivaa gauni langu jeupe, nikakaa dirishani, mwisho nikalivua.

Coy alishinda. Baada ya siku chache vijana wa kanisa lao walipita na gari wakikusanya mabango. Walipofika kwetu mmoja alishuka, akaling'oa, akalitupa nyuma pamoja na mengine. Niliinua mkono. Naye aliinua wake, kama unavyompungia mtu yeyote barabarani, wakaenda zao. Hakuna aliyegonga mlango kumsalimia Lavelle. Alikuwa jikoni na alikuwa amewasikia.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya kwanza ya Desemba, Shemasi alipiga simu.

"Dada Odessa, nimepita kwako jana. Naona njia nyeupe."

"Ndiyo, halipo."

"Sifa kwa Mungu. Nimemwambia Earline. Anakuulizia neno moja tu."

"Neno gani?"

"Anauliza, kaling'oa Lavelle, au wameling'oa wenyewe?"

Lavelle alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. Kunde zilikuwa zinachemka nyuma yake. Alinitikisia kichwa taratibu, juu na chini, kwamba niseme ni yeye. Neno moja tu, kesho Earline angeshuka garini akiimba. Nilikuwa na hamu naye mpaka meno yaliniuma. Lakini meza ya Bwana hailiwi kwa uongo, na Earline hakustahili kudanganywa juu ya mjukuu wake aliyekufa.

"Wameling'oa wenyewe, Shemasi."

"Nitamwambia," akasema. "Ulale salama, Dada."

Niliweka simu chini. Lavelle alisema, "Mama, ungesema tu ni mimi."

"Ungeling'oa ningesema."

Alizima jiko, akachukua funguo. Nikamsikia anawasha gari, nikadhani anakwenda kwa Earline. Nikaanza kuomba. Lakini gari halikuondoka. Nilisogeza pazia nikamwona amekaa ndani, mikono kwenye usukani, taa zimemulika lile tundu la bango kwenye majani. Nilimgongea kioo cha dirisha. Hakusikia, au alisikia. Kunde zikapoa.