Majibu Aliyoshika Léocadie

Grégoire alikuwa karani wa hali ya hewa kwenye kiwanja cha ndege cha Kasongo, na miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji huko Kongo tamaa moja ilimshika isimwachie: kurusha ndege yeye mwenyewe. Bwana Maes, rubani wa Kizungu aliyekuwa akitua pale akielekea kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, alimpa kitabu chake cha zamani cha maswali ya kujipima, akamwombea nafasi ya kufanya mtihani wa nadharia huko Bukavu. Grégoire alichana kurasa za majibu kutoka kitabuni, akamkabidhi mkewe Léocadie.

"Nikibaki nazo nitachungulia," alisema. "Shika wewe, Mama Marguerite. Uniulize."

Léocadie alikuwa amesoma kwa masista, Kifaransa hakikumshinda. Basi mume akirudi kutoka kazini, yeye huku anapepeta mchele aliuliza swali, mume akataja herufi ya jibu alilochagua, naye akatazama kurasa zake. Siku hizo walicheka sana.

Kisha ndege ya Bwana Maes ikaanguka kwenye vilima vya Kabambare. Maiti ililetwa Kasongo ndani ya turubai, na Léocadie, aliyesimama barabarani pamoja na wanawake wenzake, aliona jinsi mzigo ule ulivyokuwa mdogo.

Alimsihi mumewe aache. Grégoire alisikitika kwa ajili ya rafiki yake, lakini hakutetereka.

"Mutumbwi nao unaua, na watu wanavuka Lualaba kila siku. Uliza, mama."

Aliuliza. Grégoire akajibu sawasawa. Ulimi wa Léocadie ukateleza: "Hapana. Iko A."

"Kweli?"

"Ndivyo imeandikwa."

Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Tangu hapo Léocadie akawa anapotosha jibu hapa na pale, huku akijituliza moyoni kwamba mtu aliyeshindwa mtihani anabaki ardhini na watoto wake.

Safari ya Bukavu ilipokaribia, walikuwa wanakula wali na sombe ya majani ya muhogo, Grégoire akasita.

"Kuna swali linanisumbua. Ndege ikipunguza mwendo mno, mabawa yakashindwa kuibeba, ufanye nini? Marehemu Maes alikuwa ananiambia usukume pua chini ipate mwendo. Kitabu kinasema uvute juu." Akatikisa kichwa. "Haizuru. Kitabu ni kitabu. Hata siku nikiwa juu peke yangu, nitavuta."

Léocadie alirudisha tonge sahanini. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mumewe anaweza kufaulu pamoja na uongo ule kichwani, akapanda nao mawinguni.

"Baba Marguerite," alisema, "kitabu hakikusema vile. Nilisema mimi."

Grégoire alimtazama kama mtu asiyesikia lugha.

"Niliogopa. Niliona turubai lile."

"Ni maswali mangapi?"

"Sijui. Siyakumbuki yote."

Hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Léocadie. Alinawa mikono, akanyoosha kiganja, naye akampa zile kurasa. Siku zilizobaki Grégoire alisoma peke yake chini ya ukuta wa nyumba, akirudia kila swali tangu la kwanza, midomo ikichezacheza. Mara nyingi alisimama katikati, akapekua majibu, akapekua tena, kana kwamba hata maandishi yangeweza kumgeuka.

Alipanda lori kwenda Bukavu, akarudi kwa lori. Léocadie alimpokea begi.

"Nimeanguka," alisema. "Mikono yangu ilikuwa inaandika jibu na kulifuta. Nilikuwa nasikia sauti yako."

Lile alilolitamani Léocadie lilikuwa limempata, wala hakuona furaha yoyote. Alisema, "Nisamehe." Grégoire alijibu kwamba amekwisha samehe, na pengine alisema kweli, kwani alikula chakula chake na kuuliza habari za nyumbani.

Lakini aliandika tena jina lake kwa mtihani uliofuata, na kutoka siku ile aliyemuuliza maswali alikuwa Hemedi, mwenzake wa kule kiwanjani. Léocadie akipeleka chakula cha mchana aliwakuta wameinamia kitabu, wanabishana na kucheka. Alitua sufuria mlangoni. Walimshukuru, wakangoja aondoke ndipo waendelee.