Kiti cha Kinanda

Apollonia alikuwa amekwisha kula kiapo: kwenye ndoo za kufulia harudi. Miaka minne alifua shuka za wenzake katika nyumba ya yatima pale Venisi, mikono ikachubuka kwa magadi. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na Mwalimu Prudenza, aliyemfunza muziki, alikuwa amemwita ajaribiwe kushika kiti cha kinanda. Akishindwa, atarudi kufua.

Karatasi aliyowekewa ilikuwa na mstari mmoja tu, wa sauti ya chini, kazi ya mkono wa kushoto. Juu ya noti ziliandikwa namba: sita, nne, saba. Namba zilitaja sauti za kupandishia juu yake; kuzipanga, mkono wa kulia ujitafutie wenyewe papo hapo. Apollonia alikuwa hodari wa kujitafutia, hodari kupita kiasi, na Mwalimu alimchapa vidole kila alipotia madoido.

Mwimbaji alikuwa Fiordelise, binti aliyejiona tausi. Hawakuwa wakiiva chungu kimoja.

“We dobi, leo unifuate tu,” Fiordelise alimwambia. “Watu wamekuja kunisikia mimi.”

“Imba, bibie. Mimi nipo.”

Waliketi juu, nyuma ya nondo za roshani ya kanisa, wadhamini wa nyumba ile wakiwa chini. Walianza vizuri. Katikati Fiordelise alilewa sauti yake mwenyewe, akaivuta, akaivuta, na alipopumua akaruka kipande kizima cha wimbo, akaangukia mbele.

Apollonia alijua palepale. Angebaki kwenye karatasi, kila sikio lingesikia nani kakosea, na roho yake, tusifichane, ilitaka mwenzake aumbuke. Lakini hakuvumilia magadi miaka yote ile ili aje kuangusha watu. Akaiacha karatasi. Mkono wa kushoto ukaruka, ukamdaka Fiordelise kabla hajatetereka. Wa kulia, uliokwishaandaa madoido yake, ukabonyeza sauti tatu za kawaida, basi. Hivyo hivyo wakafika mwisho.

Wadhamini walimsifu Fiordelise hadi wakaishiwa maneno. Mwalimu akawauliza kupitia nondo, na kinanda je?

“Kinanda?” akasema mzee mmoja. “Kusema kweli, sikukisikia.”

Fiordelise, aliyejua vizuri kilichotokea, alitazama sakafu.

Mwalimu Prudenza akaichukua karatasi, akaweka kidole mahali. “Hapa hukupapiga.”

“Ndiyo, Mwalimu. Sikupapiga.”

“Na yule mzee hakutambua kitu.”

“Hakutambua.”

Mwalimu akaikunja karatasi ile.

“Mimi ilinichukua miaka kumi na mmoja kupiga nisisikike,” akasema. “Kesho asubuhi njoo ukae.”